Mwanafunzi Bora wa Bwana Fenske

Mwaka wa nne tangu gari moshi lifike Morogoro, Wadachi waliona tuna uhaba wa elimu ya mtaji. Wakatuletea Bwana Fenske. Alikuja na miwani, ubao mweusi, na huruma nyingi kwa matajiri wa kwao, ambao fedha zao, alituambia, zilikuwa zimekaa tu bila kazi. Sisi makarani saba wa kampuni yao ya biashara tulisikitika sana. Fedha zetu hazijawahi kupata hata nafasi ya kukaa.

Tulisoma wiki sita katika ghala la ngozi karibu na stesheni. Tulijifunza hisa ni nini: mtu asiyejua jembe linashikwa upande gani anamiliki kipande cha shamba asilowahi kuliona, na mvua ikinyesha anapata gawio. Tulijifunza kukadiria mtaji, faida ya miaka kumi, na hatari. Penye hatari Bwana Fenske aligonga ubao kwa fimbo. "Mwenye mali ni nani? Kama hujui, usitie hata hela moja!" Niliandika hivyo hivyo na kupiga mstari chini yake, maana hodari wa darasa nilikuwa mimi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa shamba la kweli. Kampuni ilitaka kulima kahawa katika bonde moja la Kinole, na mwenyeji mmoja alikuwa amekwisha kutia alama kwenye hati ya kuuza. Sisi twende tukakague, kila mtu aandike ripoti yake. Atakayewashinda wenzake angekuwa karani mkuu, rupia thelathini kwa mwezi. Wengine wangerudi kuhesabu magunia.

Nikasoma hati. Mwuzaji: Maneno bin Rehani. Baba yangu mzazi.

Nilipanda mlima mbio mbio. Mama yangu, Pili, nilimkuta anapalilia mihogo katika bonde lenyewe lililouzwa.

"Shikamoo, mama. Baba ameuza shamba!"

"Marahaba. Ameuza kweli," akasema, akacheka mpaka akaweka jembe chini. "Kapewa rupia ishirini na blanketi. Lakini baba yako ana nini huku, mwanangu? Alikuja kuoa na panga lake tu. Ardhi hii ya lukolo letu, ya ukoo wa mama. Bibi yako alituachia mimi na mamkubwa wako Mwaisha. Mdachi kanunua upepo."

Baba mwenyewe alikuwa barazani, amejifunika blanketi jua la saa sita, anaonea fahari biashara yake. Kinole nzima ilikuwa inacheka. Hakuna aliyeogopa, na hakukuwa na sababu ya kuogopa, mpaka msomi alipofika.

Maana elimu ilinipanda kichwani. Niliona karatasi moja itanipa ukarani na kuliokoa shamba la mama yangu. Nikaandika: mwuzaji si mwenye mali. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Wenye mali ni Pili na dada yake Mwaisha, nyumba zao ziko juu ya kijito. Hatari ni kubwa, kampuni isitie hata hela moja. Nikachora na ramani. Hakuna aliyeniomba ramani.

Wenzangu waliandika juu ya udongo na maji. Mmoja alihesabu hadi michungwa. Bwana Fenske aliisoma ripoti yangu mara mbili, akavua miwani, akanipa mkono mbele ya wote.

"Huyu ndiye aliyeelewa mafunzo," alisema. "Ameiona hatari." Nilivimba kichwa, nikangoja aseme kwamba kampuni inajitoa. "Na hatari ikishaonekana," akaendelea, "huondolewa."

Siku ya tatu askari wawili walipanda Kinole na ramani yangu. Ilikuwa nzuri mno, hawakupotea hata mara moja. Walirudi na mama na mamkubwa mpaka bomani, ambako hati mpya ilikuwa mezani, yenye majina mawili, yameandikwa kama nilivyoyaandika mimi. Kazi yangu ya kwanza ya ukarani mkuu ilikuwa kushika kidau cha wino na kuwachovya wauzaji vidole. Mamkubwa alikataa. Askari akainua kiboko, naye akatoa mkono.

Mama hakungoja kiboko. Alinyoosha dole gumba, bado lina udongo wa shambani, nami nikalishika. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sidhani ipo nyingine.

"Mikidadi," akasema polepole kwa Kiluguru, Mdachi asije akasikia nikigombezwa mbele ya wakubwa wangu. "Baba yako aliwapa jina lake tu. La kwangu wamelipata kwa nani?"

Bwana Fenske akauliza mama huyu anasema nini.

Nikamwambia anashukuru.