Kitanda cha Zamu

"Tandaza vidole," daktari alisema, na Hamira akavitandaza juu ya meza kama mtu anayeonyesha karata mbovu.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alivuta taa, akashika kioo cha kukuzia, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mkono. Kati ya vidole viwili aliona alichokuwa akikitafuta: kimstari cha kijivu, kifupi kuliko punje ya mchele.

"Mstari huu ni mpya, baba. Upele ule ule. Dawa ulijipaka kweli?"

"Nilijipaka, daktari! Shingoni mpaka nyayoni. Mgongoni nilifunga kitambaa kwenye mwiko nikajifikia."

"Nguo ulifua?"

"Kwa maji ya moto."

"Na nyumbani unalala na nani?"

"Peke yangu," alijibu Hamira, wala hakusema uongo hata chembe.

Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani, maana mahali alipokaa yeye maneno yaliumuka. Kazi yake ilikuwa kukanda unga wa mikate. Mashine ilikuwepo, ndiyo, lakini mashine huchanganya tu. Kujua kama donge limeshiba maji, kama linataka kupumzishwa au kukandwa tena, hayo yalingoja kidole cha Hamira. Alilibonyeza mara moja, akalitazama linavyorudi, akatoa hukumu. Miaka kumi na mitano hakuna mkate uliomwaibisha.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne kidole hicho kinashika ufagio. Msimamizi alimwona akijikuna mpaka kwenye viwiko, akamwondoa mezani. Mhudumu wa zahanati akamtazama kwa mbali, akasema ni aleji ya unga. Hamira alicheka, akidhani ni mzaha. Mtu atapataje aleji ya mshahara wake? Hakikuwa kichekesho. Duka la dawa lilimuuzia mafuta ya tyubu yaliyomtuliza siku mbili, ya tatu muwasho ukarudi na jamaa zake wote. Mwishowe muuguzi mmoja aliyekuwa akinunua mkate pale kiwandani alimnong'oneza kwamba katika hospitali kubwa kuna daktari wa ngozi hasa, anayekuja Alhamisi tu. Alipanga foleni Alhamisi mbili bila kufikiwa. Ya tatu akaingia, akapewa dawa, akapata nafuu, na tazama, hii ya tano amerudi na vidole vile vile.

Na msimamizi alikuwa amekwisha kata shauri: mpaka mwisho wa mwezi alete karatasi ya daktari kwamba amepona na kwamba unga haumdhuru, ama sivyo mezani atawekwa mtu mwingine, na ufagio uwe wake wa kudumu.

"Siwezi kukuandikia mkono ukiwa hivi," daktari alisema taratibu. "Nitakupa dawa tena. Lakini sielewi unaupata wapi. Ukirudi tena na hali hii, itabidi nianze kuufikiria na huo unga."

Hamira aliinuka, akatupa jicho kwenye saa ya ukutani. "Haya, daktari. Naomba niwahi. Nisipolala sasa, jioni mwenzangu atakitaka kitanda."

"Mwenzako yupi?"

"Pasi. Yeye analala usiku."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Hebu kaa, baba."

Akakaa, akaeleza. Miaka mitano sasa wanaume wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Pasi alipiga pasi kwenye duka la dobi mchana kutwa. Hamira alikuwa kiwandani usiku kucha. Siku za mapumziko Pasi alishinda kwenye uwanja wa mpira, na Hamira hakuwa nazo, mkate haujui Jumapili. Mama mwenye nyumba aliwaita Mchana na Usiku, na aliwatambia wageni kwamba ana wapangaji wasiogombana kwa kuwa hawana nafasi. Walikutana mlangoni tu, saa moja asubuhi. Za kazi? Salama, za kulala? Salama. Basi. Shuka moja, blanketi moja, mto mmoja.

"Si uliniambia unalala peke yako!"

"Nalala peke yangu, daktari. Wallahi, tangu tuhamie hatujalala pamoja hata siku moja."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa. Kisha akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Huyu ni mdudu, mdogo hata jicho halimwoni, anachimba ndani ya ngozi. Akidondoka kwenye shuka anaweza kuishi siku mbili tatu. Wewe ukiamka, analala mwenzako. Mwenzako akiamka, unalala wewe. Kitanda chenu hakipoi. Jipakeni wote wawili, siku moja, wakati mmoja. Nguo na matandiko, maji ya moto na jua. Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko siku tano. Baada ya wiki mrudie dawa. Na mtaendelea kuwashwa kidogo hata wadudu wakishakufa, msije mkajipaka kila siku kwa hofu."

Kazi ilikuwa kumwambia Pasi. Utamwambiaje mtu upele pale mlangoni, mtu mwenyewe nadhifu, suruali ina mkunjo wa kukata nyama, mikono ya shati imefungwa vifungo hata wakati wa joto? Akikasirika akahama? Akikataa kujipaka? Bila Pasi hakuna kupona, na bila kupona hakuna karatasi. Usiku ule Hamira alifagia sehemu moja mara tatu.

Asubuhi Pasi alikuwa anatoka. "Za kazi?"

"Pasi, ndugu yangu, ngoja."

"Nimechelewa, bwana."

"Ngoja nikwambie kabla sijaingiwa na woga. Nina upele. Nimekulalia shuka miezi minne nikiwa na upele. Nisamehe."

Pasi aliweka mfuko wake chini. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akaupandisha mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imechunika kwa kukunwa.

"Mimi nilianza kabla yako," alisema, macho yake ardhini. "Nilijua ni mimi niliyekuambukiza. Kila nikikukuta unajikuna hapa mlangoni naona haya, nakimbia."

"Kumbe ndiyo maana hukai kunisalimia! Na mimi nikadhani unaringa!"

"Niringe na nini, na vidonda hivi?"

Walicheka kwa sauti hata mama mwenye nyumba akatoka na kanga kichwani. "Kulikoni? Leo Mchana na Usiku wamegombana?" Alipoelezwa, alipiga makofi. "Loh! Kikulacho ki nguoni mwako, na ninyi wanangu mmevaa nguo moja! Nitawapa sufuria kubwa. Na msikae kwenye viti vyangu."

Jumapili Pasi hakwenda mpirani, na Hamira aliomba ruhusa. Ufagio si kazi ya kukataliwa ruhusa. Walichemsha maji uani, wakafua mpaka vidole vikakunjamana, wakaegemeza godoro ukutani juani. Kisha wakaingia ndani kupakana dawa. Mgongo wa Pasi ulikuwa mwembamba, na mikono ya Hamira, iliyokosa kazi yake miezi minne, ikasahau iko wapi.

"Wewe bwana, unanipaka au unanikanda?"

"Tulia. Bado hujaumuka."

Wakashinda sakafuni wakinuka dawa, hawana la kufanya, na ndipo Hamira alipojua kwamba Pasi ana binti anayesomea ualimu, na Pasi akajua kwamba Hamira hutia sukari vijiko vinne. Mambo madogo. Lakini Hamira alifurahi, furaha ya kijinga ya mtu aliyegundua uzeeni kwamba ana ndugu.

Jumapili iliyofuata walirudia. Alhamisi ya mwisho wa mwezi daktari alikagua vidole, viganja, viwiko, kiuno. Hakuona mstari mpya. Akaandika kwa herufi kubwa ili msimamizi asisingizie mwandiko: ulikuwa upele, si unga, amepona, anaweza kukanda. Akagonga muhuri.

Hamira alitakiwa kwenda kulala. Badala yake alivuka mji kwa miguu mpaka kwenye duka la dobi, mahali ambapo hakuwahi kufika. Pasi alikuwa nyuma ya kaunta, jasho likimtiririka katikati ya mvuke, foleni ya wateja mbele yake. Hamira alinyoosha mkono juu ya vichwa vyao. Karatasi ilikuwa imekunjamana na kulowa jasho. Aliikamata njia nzima kwa nguvu kana kwamba upepo ungemnyang'anya.

Pasi aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Kisha akamtazama Hamira kwa hasira ya uongo. "Utampelekea msimamizi hivi? Kama kitambaa cha kufutia meza?"

Aliilaza karatasi kwenye ubao, akainyoosha pembe kwa kiganja, akaifunika kwa kitambaa cheupe.

"Na koti langu?" mama mmoja akauliza.

"Subiri, mama. Hii ni ya haraka."

Akalowesha ncha ya kidole, akaigusisha pasi, ikalia. Akaipunguza moto. Kisha akaishusha polepole juu ya kitambaa, na foleni yote ikanyoosha shingo kumtazama.