Udongo wa Mama Yake

Mvua zilipochanganya, Apolinaria aliingia shambani kupalilia, na alichong'oa ni mahindi. Mgagani aliuacha. Mlenda wa pori aliuacha. Kila kichipukizi cha mtundwa, mti wa matunda ya porini, alikizungushia vijiti ili kuku wasikidonoe. Mahindi yaliyojiotea kutokana na punje za mwaka wa nyuma aliyakumbatia, akayarusha juu ya ua kwa mbuzi wa jirani, akanawa mikono.

Waliopita na baiskeli walimwamkia, wakatazama, wakaendelea kukanyaga pedali. Mwanamke mzima kung'oa mahindi na kuacha magugu si jambo la kumshusha mtu kwenye baiskeli.

Shamba lenyewe lilikuwa eka moja na kipande, katika kijiji cha Itundwa, ukitoka stesheni ya Kigwa ukaifuata njia ya zamani ya misafara. Siku hizi njia hiyo ni ya ng'ombe tu. Lakini wapagazi waliipiga kwa nyayo zao miaka mingi mno, na mpaka leo hapaoti jani katikati yake. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, Emilian. Siku ya kuvunja matanga ukoo ulikaa, ukamwambia abaki nalo maadamu analilima. Likigeuka pori, litarudi kwa ukoo. Apolinaria alisema ameelewa.

Emilian alilima tumbaku, na mtu wa tumbaku kazi yake kubwa ni kukata kuni. Bani, kile kijumba cha kukaushia majani, halishibi. Ukishaliwasha hulali, na ukilinyima kuni, jani linaoza. Alikata miyombo, alikata mininga, na mwisho akakata hata mibula na mitundwa, miti ambayo wazee walikuwa wakiipita bila kuigusa kwa kuwa inalisha watoto. Alipokufa kwa kifua, kuni za kuwapikia waliokuja msibani hazikupatikana. Wanawake walitembea mpaka jua la utosi, wakarudi mikono mitupu. Ugali wa msiba ukapikwa kwa mabua ya tumbaku, ukawa na ladha ya sigara.

Abbasi alikuwepo. Huyu ni Mzaramo aliyezaliwa Tabora mjini, mnunuzi wa mboga za kukausha, na kwa Wanyamwezi wale alikuwa mtani, kwa utani uleule wa zamani za misafara. Alimega tonge, akalinusa, akalichomeka nyuma ya sikio kama mtu anayejiwekea sigara ya baadaye.

"Wanyamwezi bwana," alisema, "kwenu mtu akifa hata ugali unavuta."

Watu walicheka, kama inavyotakiwa mtani akisema. Apolinaria naye alicheka. Kesho yake asubuhi alikwenda kitaluni akang'oa miche yote ya tumbaku.

Alianza na mbegu. Alipanda mbula, matundwa, matonga, ntalali, kila tunda alilolila utotoni. Ziliota, zikanyauka. Akapanda tena, zikanyauka tena. Ndipo akakumbuka neno la mama yake mzazi, kwamba mti wa porini hauendi ugenini peke yake. Unafuatana na udongo wa mama yake, kama bibi harusi anavyofuatana na somo wake.

Basi akachukua ndoo. Kila aliposikia kwamba mahali fulani pori linafyekwa, alikwenda, akawahi kabla ya shoka, akachimba pale shinani mwa mti mkubwa. Alikwenda Puge kwa basi. Alikwenda Urambo kwa treni, na wakati wa kurudi mkagua tiketi alimwuliza ndani ya ndoo kuna nini.

"Udongo."

"Urambo udongo wao una nini ambacho wa Kigwa hauna?"

"Una mama."

Mkagua tiketi akamwambia aisukumie chini ya kiti, isije ikamwangusha mtu.

Safari hii miti ilishika. Ilishika haraka kuliko kawaida ya miti, lakini mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, na watu walisema ni mvua. Apolinaria alichuma mgagani, akauchemsha, akauanika juu ya paa ukawa nsansa, akajaza magunia. Nyuki walikuja. Akaja ndege yule anayewaonyesha watu asali, akawa anapiga kelele mlangoni kila asubuhi mpaka atoke. Wakaja kanga, wakaja digidigi.

Siku moja alitoka alfajiri kwenda kuchuma mlenda kwenye kona ya mwisho ya shamba, akafika saa sita mchana. Alidhani ni uzee. Siku ya pili alibeba kibuyu cha maji, na ilipofika saa sita alikuwa bado njiani. Akakaa kwenye kivuli cha mbula, akaelewa. Udongo ulikuwa umekuja na miti, na pamoja na udongo ulikuwa umekuja mwendo. Kwa nje shamba lilikuwa eka moja na kipande, ua wa jirani unauona. Kwa ndani lilikuwa na Puge, lilikuwa na Urambo, na mtu wa kwenda huko alipaswa kufunga chakula.

Abbasi alipokuja kununua nsansa alipiga hodi tangu asubuhi, akaitikiwa alasiri.

"Ulikuwa wapi, mtani?"

"Shambani."

"Shamba hili ninaloliona mwisho wake?"

"Hilohilo. Nilikuwa upande wa Urambo. Tandala wamezaa."

Abbasi alilitazama shamba, akakung'uta gunia lake. "Babu yako alibeba jino la tembo kwa miguu mpaka pwani, wala hakuuliza linakwenda kwa nani. Wewe unabeba udongo kwa treni. Ukoo wenu ugonjwa ni kubeba tu."

"Na babu yako alimpokea pwani akamwuzia maji."

"Maji yalikuwa matamu."

"Yalikuwa ya chumvi. Pima nsansa, mtani, jua linakwenda."

Benjamini, mdogo wa marehemu Emilian, alikuwa na mabani na hakuwa na kuni. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya pale kanisani Moraviani, na alipokwenda kulalamika kwa mwenyekiti hakumsema shemeji yake vibaya. Alisema tu kwamba shamba la kaka yake limegeuka pori, na neno la ukoo linajulikana.

Wakaja kukagua. Alikuja mwenyekiti, Mzee Yahaya, akaja mtendaji wa kijiji, binti anayeitwa Jenifa, na Benjamini akiwa nyuma yao, kofia mkononi. Apolinaria alikuwa uani anachambua mboga.

"Shikamoo mama," alisema Jenifa.

"Marahaba mwanangu. Mmebeba maji?"

"Maji ya nini, shemeji?" Benjamini aliuliza. "Si eka moja?"

"Na kipande. Hicho kipande ndicho kirefu."

Walicheka, wakaingia. Apolinaria alimaliza kuchambua, akapika, akawawekea chakula, akakifunika. Jua lilipozama hawakuwa wametoka, akakila mwenyewe.

Walitoka kesho yake mchana, palepale walipoingilia. Mzee Yahaya alikuwa na kiatu kimoja. Midomo yao ilikuwa myekundu kwa matundwa, na Jenifa alikuwa amefunga mbula kwenye mtandio kama anayetoka sokoni. Waliomba maji, wakanywa wakiwa wamesimama.

"Tumelala chini ya mninga," alisema Mzee Yahaya. "Kuna mto."

"Huo mto sijaufikia bado," alisema Apolinaria. "Una maji?"

"Unayo. Tumeona na kiboko."

Kikao kilikuwa Jumamosi, katika darasa la shule. Mzee Yahaya alizungumza taratibu, kwa heshima yote.

"Hatukukuta magugu," alisema. "Tulikula vizuri, na tunamshukuru mama. Lakini nawauliza, ndugu zangu. Shamba linampoteza mtu?"

"Halimpotezi," watu waliitika.

"Kinachompoteza mtu ni nini?"

"Pori!"

Apolinaria alisimama. "Kila mti uliomo humo nimeupanda kwa mkono huu."

"Na kiboko umempanda, shemeji?" Benjamini aliuliza, na darasa zima likacheka.

"Wanyama wamekuja kula nilichopanda. Hata wewe ulikula."

Benjamini alizitazama kucha zake. Zilikuwa bado nyekundu. "Nilikula," alisema. "Kama mtu anavyokula porini."

Hapo shauri likaisha, shamba likarudi kwa ukoo. Kwa Kiswahili cha kwao, kilichopandwa na mtu hakiwezi kumpoteza mtu, na kama kimempoteza, basi hakikupandwa. Hakuna aliyeona pa kuyavunjia maneno hayo, hata Apolinaria mwenyewe.

Wakataji waliingia juma lililofuata. Walikata msimu mzima, na ua wa ng'ambo haukuwakaribia hata hatua. Benjamini akajenga mabani mengine. Vijiji vya jirani vilisikia, mikokoteni ikaanza kupanga foleni kwenye njia ya misafara, maana zamani mtu alitembea mpaka jua la utosi asipate kuni, na sasa pori lote la magharibi lilikuwa mahali pamoja, mlangoni. Miti iliyokuwa imekimbia shoka Urambo ikakutana nalo Itundwa. Wakataji waliokwenda mbali sana walirudi na habari za mapori ambayo babu zao waliyajua kwa majina tu, na wakarudi na magogo yake. Siku ya sikukuu ya mavuno Benjamini alitoa shukrani kanisani kwa ajili ya shamba lisilokwisha, na kwaya ikaimba vizuri.

Hakumsahau shemeji yake. Alimletea mzigo mkubwa wa kuni za myombo, zilizokauka sawasawa, akausimamisha ukutani karibu na mlango.

"Pokea, shemeji. Siku yako ikifika, kuni hazitakosekana."

"Ahsante, Benjamini," alisema Apolinaria. Naye alimaanisha, kwa kuwa kijana alikuwa amemaanisha.

Tangu hapo akawa anaamka mapema kuliko wakataji. Anakwenda kwenye mti uliochorwa alama, anachimba shinani kiasi cha kiganja, anafunga kwenye ncha ya khanga, anarudi. Shamba hana. Udongo aliutia kwenye chungu kilichopasuka, na kilipojaa akaumwaga sakafuni, pembeni mwa mafiga. Kabla mvua hazijarudi, mtundwa ulikuwa umechipuka kati ya figa na figa. Aliuzungushia vijiti.

Abbasi alipita mwezi wa sita. Aliegesha pikipiki, akasimama mlangoni. Nyumba ilikuwa ileile, ya vyumba viwili na jiko.

"Hodi, mtani!"

Alingoja. Sauti ilimjia kutoka mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Karibu! Una maji?"

"Ninayo!"

"Basi pita. Ukishika njia sasa hivi, jikoni unafika jua halijazama."

Abbasi aliutazama ule mzigo wa kuni pale ukutani. Kamba aliyoifunga Benjamini ilikuwa haijaguswa, na buibui walikuwa wameshajenga. Nyuma yake, ng'ambo ya njia, mabani yote yalikuwa yanatoa moshi. Alijitundika kibuyu begani, akainama chini ya mlango, akaanza kutembea.

Jua lilipokuwa linashuka ndani ya ile nyumba, alianza kusikia harufu ya ugali mbele yake. Ulikuwa unapikwa kwa mabua ya tumbaku.