Kikombe cha Upande wa Kushoto

Mkono wa Kinyozi, aliyeigiza mume, ulikwenda kushoto, ukapapasa meza, ukakosa kikombe. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo.

"Nisamehe, Fundi," alisema, akiurudisha mkono haraka kama aliyegusa jiko. "Mazoea tu."

Kikombe Fundi alikuwa amekiweka kulia, mahali ambapo yeyote anayetumia mkono wa kulia angekiweka. Kwa miaka miwili alikuwa akikishonea kikundi chao cha maigizo mavazi, amejikunyata kwenye kona ya ukumbi na pini mdomoni, mpaka maneno ya mchezo mzima yakamwingia kichwani bila kuyaalika. Ndiyo maana dada yake alipofariki kwa homa ya siku tatu, miezi mitano iliyopita, macho yote yalimgeukia yeye. Tamasha la sanaa lilikuwa limeshawapangia siku na saa.

Maneno hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba dada alikuwa na mashoto. Katika mchezo alikuwa mke anayemmiminia mumewe chai kwa mara ya mwisho kabla hajamwacha. Alimimina kwa kushoto, akakiweka kikombe kushoto, akatoka jukwaani kwa upande wa kushoto, na kikundi kizima kikajifunza kumzunguka. Mpaka leo Nesi, aliyeigiza wifi, alirudi nyuma hatua moja zamu ya mke ilipofika, akaacha njia upande ambao hapiti mtu. Fundi akipita kulia, anakumbana na bega lake.

"Kwani mnampisha nani?" Fundi aliuliza, akijitahidi kucheka.

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu, mstaafu aliyewaongoza, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mwanangu, sisi tuko wengi, wewe uko peke yako. Hamia wewe kushoto."

"Nitamwaga, Mwalimu. Mkono wangu wa kushoto hata kijiko haukijui."

"Mwaga leo. Kesho hutamwaga."

Alimwaga leo, akamwaga kesho, na keshokutwa akamwaga mapajani mwa Kinyozi.

"Jamani, mimi nina watoto wadogo!" Kinyozi aliruka. Hapo walicheka, mpaka Nesi akajifuta machozi, na haikujulikana ni ya kicheko au ya nini. Mwalimu akasalimu amri: iwe kulia. Kinyozi akaapa kwamba wiki nzima, hata kinyozini kwake, kila kitu atakishika upande wa kulia mpaka mkono uzoee.

Nyumbani dada hakuwahi kutumia kushoto. Alipokuwa mdogo mama alimfunga mkono ule kwa kitambaa, kutwa nzima, siku nyingi, mpaka wa kulia ukatii. Dada mwenyewe alikifanya kisa hicho utani. "Jukwaani ndiko mfungwa wangu anakopunga upepo," alikuwa akimnong'oneza Fundi. Mama hakwenda hata siku moja kumtazama. Na tangu mazishi hakuwa amemtaja. Fundi akisema tu "dada", mama huinuka kwenda kutazama sufuria, hata kama jiko halijawashwa. Fundi alitaka kitu kimoja tu: amsikie mama akimtaja mwanawe.

Asubuhi ya tamasha alijikaza. "Mama, saa nane mchana nacheza nafasi ya dada. Njoo."

Mama alilitazama jiko. "Nimeanika nguo."

"Zitakauka zenyewe."

"Sina hata gauni la kutokea."

"Mama, hayo unamwambia fundi cherehani?"

Mama akainuka, akaenda kufunua sufuria tupu.

Saa nane kasoro, kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, watu wa ngoma walikuwa wakitoka na jasho lao, na mwanamke mmoja wa kamati alikuwa akiita vikundi kutoka kwenye karatasi. Fundi alikuwa amevaa gauni alilomshonea dada. Alikuwa amelipunguza kiuno, lakini doa la chai kwenye mkono wa kushoto, hapo penye kifungo, liligoma kutoka. Alichungulia penye pazia. Safu ya pili, karibu na mlango, mama alikuwa ameketi, mkoba mapajani kama mtu asiyekaa sana.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka kwenye chai. Fundi alilishika birika kwa mkono wa kulia, kama walivyokubaliana. Nesi akarudi nyuma hatua moja. Safari hii Fundi aliiona ile nafasi, mbao tupu zenye mwanga wa dirishani, na ukumbi mzima ukaonekana kama unamngoja mtu aliyechelewa kidogo. Hakujua birika lilihama saa ngapi. Aliona tu chai ikishuka kutoka mkono wake wa kushoto, nyembamba, imenyooka, bila hata tone pembeni. Akakiweka kikombe kushoto.

Kinyozi, mtu wa kiapo, akapeleka mkono kulia. Ukakosa. Aligeuka taratibu, akakiona kikombe kilipo, na rangi ikamtoka.

"Umerudi?" aliuliza. Neno hilo halikuwemo kwenye mchezo.

Neno la Fundi lililofuata lilikuwemo, lilikuwemo tangu siku ya kwanza. "Nimekuja kuaga tu."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mama alikuwa amesimama. Fundi alijua anaondoka, basi yamekwisha. Akatoka kwa upande wa kushoto, kwenye njia aliyoachiwa, na hakuna bega lililomgusa.

Mama alikuwa akimngoja ujiani. Aliushika mkono wa kushoto wa Fundi, akausugua pale penye doa.

"Nilikuwa nakikaza mno kile kitambaa," alisema. "Analia, nami nakaza."

"Nani, mama?"

Mama aliendelea kusugua. "Dada yako. Mwanangu." Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za safari, "Siku zote alimimina hivyo?"

"Siku zote."

Fundi alijaribu kukamata kifungo cha mkono wa kulia kwa vidole vya kushoto, avue gauni. Vilikuwa vizito, vimerudi kutojua kitu. Akajaribu tena, kifungo kikamponyoka.

"Lete," mama alisema, akaanza na ule wa kushoto, akamfungua.