Jiko Nje ya Uzio

Uzio mpya ulianza vizuri. Ulitoka langoni, ukanyooka kando ya bwalo la chakula, lakini ulipokaribia jiko ukajikunja ghafla kama mtu aliyekuta kinyesi njiani, ukalikwepa, kisha ukaendelea na safari yake. Jiko likabaki nje ya chuo.

Mbwana Kondo alisimama mbele ya waya ule, mizani begani, mate machungu yakimjaa kinywani.

"Bwana Kilo, umepotea?" Hija, mmoja wa wapishi, alimwita kutoka upande wa pili. "Huku sasa ni ughaibuni. Uje na pasi ya kusafiria."

Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Mwanaheri, mkubwa wa jiko, hakucheka. Alimtazama tu kwa macho yake mekundu, macho yaliyopikwa na moshi kwa miaka ishirini.

"Mwanangu," akauliza, "na ile dohani?"

Mbwana aliihamishia mizani bega la pili.

Alikuwa mtunza maabara wa chuo kile cha ualimu, kwenye barabara ya Pugu. Mwaka mzima wa 1995, kila asubuhi, alipima kuni kabla hazijaingia jikoni, maana wafadhili walitaka kujua chuo kinamwaga angani hewa ya ukaa kiasi gani, na kitapunguzaje. Hesabu zake hazikuwa na shaka: jiko lilimeza lori zima la kuni kila wiki, miti iliyokatwa kwenye vilima vya Pugu, mingine ingali mibichi ikitoa povu motoni. Majiko ya dohani yangekula nusu ya kuni hizo na kuutoa moshi nje kwa bomba. Ndivyo alivyoandika, na ndivyo alivyomwahidi Mwanaheri. Mama wa watu akaziamini tarakimu zile. Siku mizani ilipokwama, yeye ndiye aliyeipaka mafuta ya kupikia.

Wiki iliyopita wapishi walipewa barua. Hawakuwa tena watumishi wa chuo. Walikuwa watu wa mzabuni ambaye hawajapata kumwona. Masufuria yaleyale, mafiga yaleyale. Kisha mafundi wakaja na nguzo.

Mbwana alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, Bwana Benedikto. Alimkuta akijifunga tai mbele ya kioo, ofisi nzima ikinukia manukato. Wageni wa mradi wangefika saa nne. Chuo kitakachotia fora kingetangazwa kuwa cha mfano, na mkuu wake angealikwa Ulaya kueleza siri ya mafanikio.

"Shikamoo, Mkuu. Jiko ni lilelile."

"Marahaba. Si letu tena," mkuu alisema bila kugeuka. "Huoni dunia inavyokwenda, kijana? Viwanda vinabinafsishwa, mashamba yanabinafsishwa."

"Na moshi?"

Hapo mkuu akageuka, akatabasamu kama mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi wake.

"Wewe ndiye uliyetufundisha, Mbwana. Tunahesabu kilichomo ndani ya uzio. Si maneno yako hayo?"

Yalikuwa maneno yake. Mwezi Februari, katika chumba cha walimu, yeye wa kidato cha nne alishika chaki, akachora duara ubaoni kuwa mpaka wa chuo, na wenye shahada wakainamia madaftari yao kuandika asemayo. Alikuwa amevaa shati jipya. Hakupata kuonja saa tamu kama ile maishani mwake. Sasa utamu ule ulimpanda kooni umechacha, na ofisini mle hakumwonea kinyaa mkuu peke yake; alijionea na yeye mwenyewe.

Saa nne wageni wakaketi ukumbini. Taarifa ilikuwa mezani, imepigwa chapa safi. Kuni: sifuri. Chini yake palikuwa na mstari wa saini ya mpimaji, na mkuu alikwishaweka kalamu juu yake, kifuniko kimefunguliwa kabisa.

Dirishani Mbwana aliona pilau ya wageni ikivushwa juu ya waya, sinia baada ya sinia. Mwanaheri alinyanyua kwa mikono miwili, wahudumu wenye makoti meupe wakapokea. Mgeni mmoja alivuta harufu, akasema Waswahili wanajua kupika. Ukumbi ukacheka kwa adabu.

Mbwana aliichukua kalamu, akaifunika, akairudisha mezani, akatoka. Mkuu alimwita mara moja tu, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejua mshahara unasainiwa wapi.

Waya ulimchana suruali alipokuwa akijipenyeza na mizani yake.

"Umekuja kupima nini tena?" Mwanaheri alimuuliza. "Si tumekuwa sifuri?"

"Shikamoo, mama."

Mwanaheri alisukuma kuni ndani ya mafiga. Mizani ilining'inia mkononi mwa Mbwana, haina kitu. Upepo ukageuka. Moshi ukajinyanyua taratibu, ukavuka uzio, ukaelekea ukumbini, na madirisha yakaanza kufungwa moja baada ya jingine.

"Marahaba," mama akasema hatimaye. Akainama, akachagua gogo bichi kuliko yote, akalitundika mwenyewe kwenye ndoano ya mizani.

"Soma kilo kwa sauti, wasikie."

Mbwana akavuta pumzi. Moshi ukamwingia mpaka tumboni. Akasoma.