Simu Kubwa ya Fundi Bonareri

Bonareri alikuwa fundi wa nguo mjini Migori, kwenye safu ya vibanda nyuma ya soko. Kwa miaka kumi na minane watu walimletea kitambaa mkononi na picha kwenye simu. "Nishonee kama hii," walimwambia, wakimpa kijisimu chenye picha ndogo kama stempu. Naye alikodoa macho, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akaenda kushona alichodhani ameona.

Wesley, aliyeuza simu vibanda vinne kutoka kwake na kusali naye kanisa moja la Waadventista, alikuwa na shida yake. Alikuwa ameleta simu za kioo kikubwa, kikubwa kwelikweli, na akina mama wa soko walizishika, wakazigeuzageuza, wakamuuliza kama zinafaa. Hakujua awajibu nini.

"Mama Kerosi," alimwita Bonareri kwa jina la mwanawe Jumapili asubuhi, "chukua hii ukae nayo wiki moja. Ifanyie kazi. Jumapili ijayo uniambie ukweli, uzuri wake na ubaya wake. Nikisema mimi, wanajua tu nataka kuuza."

"Na nikiivunja?"

"Usiivunje."

Akamhamishia laini, akamwongezea ukubwa wa herufi mpaka neno "asante" likajaza mstari mzima.

Siku hiyohiyo Bonareri alifunguka macho. Mteja alimtumia picha ya blauzi, naye akaitandaza kwa vidole viwili. Kumbe kola ilikunjwa mara mbili, na zile alizodhani ni shanga zilikuwa uzi uliodariziwa! Akakumbuka mama mmoja aliyemshonea shanga hamsini na nne kwenye kola kama hiyo mwaka juzi. Yule mama alivaa akaenda zake bila kusema neno, na hakurudi tena. Bonareri alikuwa akijiuliza alimkosea nini.

Jumatatu ndipo ubaya ulipoanza kujitokeza. Simu haikuingia kwenye mfuko wa aproni. Akaitia kifuani, mahali ambapo kila mwanamke wa soko huweka simu yake, ikachomoza shingoni mpaka mumewe, Machuki, akamuuliza kama amebeba mlango. Kuishika kwa mkono mmoja huku mwingine una tepu ya kupimia ilikuwa kazi bure, maana kidole gumba hakikufika upande wa pili. Jumanne mchana alitoka nayo juani, kioo kikawa cheusi, akaona uso wake tu. Alirekebisha kitambaa cha kichwa akarudi ndani. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wenye jina la Wesley, katikati ya viuno na mabega ya watu.

Jumatano akaja Mwalimu Pauline.

Pauline alikuwa mtu wa Homa Bay aliyefundisha shule ya msingi Migori. Binti yake, Valentine, alikuwa anahitimu chuo Rongo siku ya Ijumaa, na wiki tatu kabla mama mtu alileta kitambaa cha samawati kizuri ajabu.

"Fundi, gauni langu liko wapi?"

"Liko karibu, Mwalimu. Limebaki vifungo tu."

"Haya. Acha nipumzishe miguu kidogo." Pauline akaketi kwenye benchi la wateja, nyuma ya cherehani.

Kitambaa kilikuwa chini ya meza, kimekunjwa vilevile kilivyoletwa. Bonareri akainama kwenye sketi ya mtu mwingine, akakanyaga cherehani kwa bidii kana kwamba ndiyo kazi ya Pauline. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa dadake, Bochaberi, kutoka Rongo: "Umemaliza ile ya mwalimu?" Bonareri akailaza simu mezani, akaandika kwa kidole kimoja: "Bado hata sijakata. Nimemwambia imebaki vifungo."

Nyuma yake benchi likalia.

"Fundi."

"Naam, Mwalimu."

"Hivyo vifungo unavishona kwenye nini?"

Bonareri akaifunika simu kwa kiganja. Kiganja kilifunika nusu. Neno "vifungo" lilibaki nje, kubwa na jeusi.

"Yawa!" Pauline alimaka kwa Kijaluo, akasimama. "Miaka ishirini na sita nafundisha watoto. Uongo wa kila aina nimeusikia. Huu ndio wa kwanza nimeandikiwa kwa herufi za kusomea darasa zima." Halafu sauti ikamshuka, na hapo ndipo Bonareri alipoumia. "Valentine ndiye wa kwanza kwetu kuvaa joho. Nimewaambia watu wa nyumbani wanitafute kwa rangi ya samawati."

Fundi yeyote ana majibu yake tayari: stima ilipotea, cherehani iliharibika, mtoto aliugua. Bonareri aliyatafuta yote kichwani, hakuona hata moja la kusimama mbele ya maneno yaliyokuwa bado yanawaka mezani.

"Nimekudanganya, Mwalimu, na nimekosa. Nilikuwa naogopa," alisema. "Ile picha uliyonionyesha, mkono wa gauni sikuuelewa. Kila wiki nakitoa kitambaa, nakitandika, naogopa kukiharibu, nakirudisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Fundi atasemaje kwamba haoni?"

Pauline akaketi tena, akatoa simu yake ndogo, akamtumia picha ile.

Ilipofunguka kwenye kile kioo kikubwa, vichwa viwili vilikutana juu yake. Bonareri akaivuta, akaivuta tena, mpaka bega peke yake likajaza kioo chote. Mshono wa begani haukuwapo. Mkono na kifua vilikuwa kipande kimoja cha nguo, na marinda matatu membamba yalianzia shingoni.

"Kwa hiyo haujaunganishwa," Pauline akasema.

"Haujaunganishwa! Mimi nilikuwa natafuta mahali ulipounganishwa."

Hapakuwa na mahali pa kuiegemeza simu karibu na meza ya kukatia, ikateleza mara mbili. Pauline akaichukua akasimama nayo, ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama kitabu mbele ya darasa la pili. Bonareri akachora kwa chaki, akiinua macho na kuyashusha. Mara kwa mara alisema, "Sogeza kidogo kulia," na mwalimu akasogeza.

Kabla ya kukata akampima upya. Kiuno kilikuwa kimeongezeka. Wote wawili walisoma tepu, na Bonareri akausogeza mstari wa chaki.

Alhamisi saa kumi gauni lilikuwa tayari, vifungo pamoja. Pauline alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, akainua mikono, akaishusha, akatembea hadi kibanda cha Wesley na kurudi ili watu wamwone.

"Sijakusamehe," alisema akijitazama kiooni. "Lakini mkono umekaa."

Ijumaa, jua lingali juu na Sabato haijaingia, simu iliita kwa video kutoka Rongo. Uwanja mzima wa watu ulimjia Bonareri mezani: Valentine ndani ya joho, shangazi wa Homa Bay wakipiga vigelegele, na katikati yao samawati. "Inua mkono, Mwalimu!" alipaza sauti. Pauline akainua. Marinda matatu yakaonekana, moja moja, na Bonareri akajikuta analia na kucheka.

Jumapili alimsomea Wesley daftari. Macho yanapumzika. Chaji inafika kesho yake, ila ukitazama video mchana kutwa inakuacha jioni. Nzito. Juani haifai. Haina mahali pa kukaa mwilini.

"Na aliye nyuma yako anasoma kila kitu."

"Huo niandike ni uzuri ama ubaya?" Wesley aliuliza.

"Inategemea unaandika nini."

Simu hakuirudisha. Walikubaliana bei na siku za kulipa, na jioni hiyo akajishonea kimfuko cha vipande vya kitenge chenye kamba ndefu ya kuvaa begani, ndani amekitia sponji. Muuza nyanya alikiona, akataka chake. Wesley akataka ishirini, auze pamoja na simu.

"Lini?" akamuuliza.

"Wiki mbili," Bonareri alisema. Akafikiri kidogo. "Sema tatu."