Imondo ya Osundwa

Kuku ana sehemu nyingi, lakini imondo ni moja tu, na mwenyewe anajulikana. Firigisi hiyo ndogo humwendea mkubwa wa boma. Asipopewa, hata kuku awe mnono vipi, mzee huyo hajala. Zilpah alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana hakuwa na wa kumlaumu ila mkono wake mwenyewe.

Mumewe Wekesa, baba yake Nekoye, alipofariki, imondo ya nyumba yake ilihamia kwa shemeji yake Osundwa, kaka mkubwa wa marehemu, aliyeishi ng'ambo ya kijito. Osundwa alikuwa mkali na mchache wa maneno, ila ni yeye aliyekubali njia ya kupandia kilima ipite katikati ya shamba lake. Wazo lilikuwa la Maurine, binti wa kijiji anayeongoza watalii kule kwenye msitu wa Isecheno: wageni watembee msituni, wapande kilima, kisha washuke kula obusuma na ingokho, ugali na kuku, kwa Zilpah, na wanawake wa jirani wawauzie ndizi, asali na vikapu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wageni wa kwanza walipofika, Zilpah alipagawa kwa furaha. Alitaka kuwapa kilicho bora kuliko vyote. Akapakua, na imondo akaiweka kwenye sahani ya Mzungu mmoja mrefu, Osundwa akitazama. Mzungu akaigeuzageuza kwa uma, akatabasamu kwa adabu, halafu akamtupia mbwa.

Osundwa alinawa mikono, akachukua kofia yake, akaenda zake. Kesho yake njia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba.

Laiti angekwenda siku hiyohiyo na jogoo kwapani, mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini Zilpah naye ana kichwa kigumu.

"Ati amenifungia njia juu ya imondo?" alimwambia Maurine. "Basi akae nayo hiyo njia yake. Ambia wageni wako imefungwa."

Maurine alimsihi, hakusikia. Wageni wakapelekwa kilima kingine, upande wa pili wa msitu, wakazoea kula huko, na kwa Osundwa hakuna aliyepita tena. Wanawake waliobaki na ndizi zao wakawa wanamsalimu Zilpah kwa shingo upande.

Miaka ikapita. Zilpah alizunguka mbali kwenda sokoni ili tu asiione ile miiba. Hata aliposikia kwamba Osundwa amedhoofika, alisema ataenda kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Majuto ni mjukuu, na wake alishaanza kutambaa. Asubuhi moja akachinja jogoo, akapika, akaifunga imondo kwenye jani la mgomba, akashika njia aliyoapa kutoikanyaga.

Hakukuta mwiba hata mmoja. Pale mtelemkoni, walipokuwa wakiteleza wale wageni wa kwanza, alikuta ngazi zilizochimbwa kwa jembe na kukingwa kwa magogo ya mkaratusi. Juu yake palikuwa na benchi lililotazama msitu. Nyasi zilikuwa zimefunika ngazi, na magogo yalikuwa yameanza kuoza.

Osundwa alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini. Zilpah akapiga magoti.

"Shemeji, hii njia ulifungua lini?"

"Miiba haikumaliza hata wiki, Mama Nekoye. Hasira iliisha, nikatoa. Nikachimba hizo ngazi, wageni wako wasianguke. Nilikuwa nafyekanga hapo, nikingoja mupite."

"Na hukunitumia hata neno?"

"Nilisema, akitaka atakuja. Na wewe hukuja hata kuangalia."

Zilpah akalia waziwazi, wala hakuinamisha uso. Alililia lile benchi ambalo halikukaliwa na mtu, akawalilia wenzake na ndizi zao zilizooza, na miaka yote hiyo ambayo uchungu wake ulikuwa ukilinda njia iliyo wazi. Kisha akafungua jani.

Osundwa akaitazama imondo, akacheka. Ufizi ulikuwa mtupu.

"Sasa hii nitatafuna na nini?"

Zilpah akaomba kisu. Akaikata vipande vidogovidogo, akamlisha kimoja kimoja, naye akavimeza.

"Ni tamu, shemeji?"

"Ni tamu," alisema Osundwa. "Lakini imepoa."