Bi Shazia Hafi

Kitabu nilikiona mikononi mwa Rehana, mshonaji mwenzangu, naye alikuwa anacheka mpaka mtandio umemwangukia mabegani. "Zaitun, njoo ujione!" Nikajua tu, leo kuna jambo.

Kilikuwa kitabu cha katuni, kile cha Jemedari Ukungu ambacho watu wa Makambako wanakigombania kila kikitoka. Jemedari ni shujaa. Akipuliza, ukungu wa Njombe unashuka, wezi hawaoni hata pua zao. Adui yake ni Bwana Lumbesa, mnunuzi wa viazi mwenye tumbo na miwani. Haya, huyo hanihusu. Lakini nyuma ya tumbo lake, kwenye picha mbili tu za pembeni, kasimama mwanamke mfupi, mtandio mwekundu, shazia ya kushonea magunia kaibana kwenye meno, anacheka "Hiii-hii-hii!" Chini yake wameandika: Bi Shazia, kibaraka wa Lumbesa.

Jamani! Nani mwingine soko zima la viazi anavaa mtandio mwekundu na kubana shazia kwenye meno? Nani mwingine anacheka vile? Mama ntilie naye akaanza kuniita Bi Shazia huku ananipakulia maharage. Akutukanaye hakuchagulii tusi, hilo nalijua tangu utotoni, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kukuchora nalo.

Niwaambie kazi yangu, msije mkanihukumu kwa picha. Mkulima akileta viazi, wapakiaji wanajaza gunia. Likishajaa, mnunuzi anasema ongeza, nao wanaongeza, mpaka viazi vinapanda juu ya mdomo wa gunia kama kichuguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia na nusu. Mimi kazi yangu ni kukishonea kile kichuguu wavu wa kamba kisimwagike. Sijazi mimi, nashona. Ndivyo nilivyokuwa namjibu kila aliyeniuliza, na sauti nikiipandisha kidogo.

Kesho yake nikaenda Njombe kumtafuta huyo mchoraji. Nilimkuta kwenye duka la kutoa kopi karibu na kanisa, kijana anaitwa Hilari, kajifunga skafu, anakunywa chai.

"Shikamoo, mama." Akanitazama, akautazama mtandio, chai ikamwagikia suruali.

"Marahaba. Mimi ndiye Bi Shazia. Nifute."

Masikini, akaomba radhi mpaka nikamhurumia. Kumbe aliniona kwa mbali siku alipomsaidia mama yake kuleta viazi sokoni. Mama yake ni Oktavia. Oktavia namjua, mama wa watu, mpole, analima kule karibu na misheni.

"Lakini usiwe na wasiwasi, mama," akasema Hilari. "Toleo lijalo Bi Shazia anakufa. Gunia la lumbesa linamwangukia." Akanionyesha na picha yenyewe. Gunia limelala chini, miguu yangu tu ndiyo imetokeza, kandambili moja huku, nyingine kule.

"We mtoto! Unaniua?"

"Si umesema nikufute?"

"Nimesema unifute, sijasema unizike! Watu watanicheka mpaka kiyama. Eti Zaitun kauawa na gunia alilolishona mwenyewe. Mbadilishe awe mtu mwema, yaishe."

Akakuna kichwa. "Mtu mbaya habadiliki hivi hivi, mama. Lazima pawe na sababu, wasomaji wangu si wajinga. Kitabu nakipeleka kuchapishwa Jumamosi. Ukipata sababu kabla ya hapo, nipigie."

"Sababu ni kwamba mimi nimesema!"

"Hiyo si sababu, mama." Kijana ana adabu, lakini kichwa kigumu balaa.

Nikarudi Makambako nimenuna. Wiki nzima natafuta sababu. Labda kaota ndoto? Labda kaugua, kapona, kaogopa Mungu? Rehana alisema Bi Shazia apendwe na Jemedari Ukungu. Nikamwambia aache upuuzi, ingawa hiyo niliifikiria kidogo.

Ijumaa likaingia lori la Zubeiri, mnunuzi anayetupa kazi kuliko wote. Wakulima wamekwisha kupanga magunia yao, na Oktavia yumo. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia. Wapakiaji wakajaza gunia lake. Zubeiri akasema ongeza, wakaongeza. Nikachukua shazia, nikaanza kushona kichuguu.

Hapo Oktavia akasogea. Akavikumbatia vile viazi vya juu kwa mikono miwili, avizuie visiporomoke wakati navuta kamba. "Dada, kaza vizuri," akaniambia, "visije vikamwagika njiani. Tumehangaika navyo sana shambani."

Mkono wangu ukagoma. Viazi anavyodhulumiwa, ndivyo anavyonisaidia kuvifunga, na bado anavionea huruma! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile ya kitabu. Nikachomoa kamba yote, nikaanza kuvirudisha viazi kwenye kikapu chake.

"Bi Zaitun, unafanya nini?" Zubeiri akauliza.

"Nashona mdomo wa gunia, Zubeiri. Kichuguu sishoni tena."

"Basi nenda kapumzike nyumbani. Rehana! Njoo umalizie hapa."

Kazi hii ndiyo inayoniweka mjini, na aliyeitwa kuichukua ni yule yule niliyemfundisha kuishika shazia. Rehana akanitazama. Akamtazama Zubeiri. Kisha akaibana shazia yake kwenye meno, akaja kukaa juu ya gunia, ubavuni kwangu. Mshonaji Yunis naye akaja, na washonaji wengine wote wakafuata, kila mmoja na shazia yake mdomoni. Wakulima wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Zubeiri akapiga simu huku na huku akitafuta mshonaji, wapi! Wingu limetanda, lori linasubiri, wateja wa Dar wanampigia. Mwishowe akasonya. "Haya, leteni mizani."

Mizani ya soko ilikuwepo siku zote, mama ntilie alikuwa anaitumia kuwekea ndoo yake ya maharage. Tukaitoa ndoo, tukafuta vumbi, kila gunia likapimwa kilo zake na kulipwa kilo zake.

"Leo tu," akasema Zubeiri.

"Tutaonana wiki ijayo," nikamjibu, nikacheka kile kicheko changu mpaka mwisho.

Jioni ile ile nikampigia Hilari. "Sababu nimeipata. Ni mama yako." Nikamsimulia yote, na yale iliyoyafanya mikono ya mama yake. Kwenye simu nikasikia karatasi inachanika.

"Unasikia, mama?" akasema. "Nachana kurasa za mwisho. Nachora upya."

Kitabu kilipotoka, Bi Shazia yuko kwenye jalada, na Jemedari Ukungu mwenyewe yuko nyuma yake anashikilia mizani! Nilinunua vya kugawa. Siku ya soko Oktavia akaja. Vitabu vya mwanawe hakuwahi kuvifungua, alidhani ni mambo ya watoto. Nikamkalisha juu ya gunia, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa, naye anacheka, ananipiga mapajani.

Tukafika kwenye picha ya mwisho. Bi Shazia anabeba gunia pamoja na mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani.

"Huyu naye ni nani?" akauliza.

"Mtazame vizuri."

Akakisogeza kitabu karibu na macho. Akakitazama kile kitambaa, akashika kichwa chake mwenyewe.

"Yesu na Maria! Ni mimi! Mwanangu kanichora mimi!"

Akainuka, akamwonyesha Rehana, akamwonyesha mama ntilie, akamwonyesha hata dereva wa lori asiyemjua. Kisha akarudi akakaa, machozi yanamtoka na huku anacheka, akakikumbatia kitabu kifuani kwa nguvu zote, na mimi nikiwa humo ndani pamoja naye.